Mkopo wa chuo: umaskini usio na karatasi hauhesabiwi

Awamu ya kwanza ya mikopo ikitangazwa, mitaani huanza swali lilelile: mbona mtoto wa fulani, baba yake ana duka, kapata, na huyu wa kwetu, yatima kabisa, jina halipo? Jibu la haraka huwa ni upendeleo. Ukilifungua faili lenyewe, mara nyingi unakuta jambo dogo la kuudhi: cheti cha kifo hakikuhakikiwa, ukurasa wa sahihi ulipakiwa bila muhuri wa serikali ya mtaa, au namba ya kidato cha nne iliyoombea mkopo siyo iliyoombea chuo.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Wanaopanga mikopo hawaji kukaa jikoni kwenu kuona mnakula mara ngapi kwa siku. Wanachokiona ni yale uliyojaza kwenye mfumo na vielelezo ulivyoambatisha. Kwa hiyo familia iliyo maskini kweli ina kazi ya ziada ambayo familia yenye nafuu haina: kuugeuza umaskini wake uwe karatasi zinazokubalika. Kazi hiyo haianzi siku dirisha la maombi linapofunguliwa. Inaanza mapema zaidi, na maelezo mengi hapa chini ni ya kipindi hicho.

Kwanza masharti ya mlangoni, maana wengine hujaza fomu nzima kisha wakagundua hawahusiki. Uwe Mtanzania, umri usizidi miaka 35 wakati wa kuomba, uwe umedahiliwa katika chuo kinachotambulika, usiwe na ajira rasmi inayokuingizia kipato, na uwe umemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita. Bodi hutoa mwongozo kila mwaka kwenye tovuti yake kabla ya dirisha kufunguliwa. Usome wa mwaka wako. Mwongozo wa kaka yako aliyesoma miaka minne iliyopita utakupoteza. Wapo mpaka leo wanaouliza fomu zinatumwa wapi kwa EMS ya Posta, wakati siku hizi kila kitu kinapakiwa mtandaoni.

Vyeti: hapa ndipo wengi wanapoangukia

Cheti cha kuzaliwa hakitoshi kuwa nacho mkononi. Lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kwa waliozaliwa Bara, au na mwenzake wa Zanzibar, ZCSRA, kwa waliozaliwa huko. Kuhakiki maana yake unaskani cheti, unakituma kupitia mfumo wao, unalipia, kisha unasubiri wakilinganishe na daftari lao na kukujibu. Kwenye kusubiri ndiko siku zinakokwenda. Mwezi Machi jibu linaweza kurudi upesi. Agosti, nchi nzima ikituma kwa pamoja, unaweza kukesha ukitazama simu.

Na jibu linaweza kuwa kwamba cheti hakipo kwenye kumbukumbu zao, au kina kasoro. Sababu za kawaida: kimefutwafutwa, namba ya ingizo haisomeki kwenye skani, au kilipatikana kwa njia za vichochoroni na hakikuwahi kuandikishwa popote. Hapo unaanza upya ofisi ya Mkuu wa Wilaya, kwenye dawati la usajili wa vizazi na vifo, ukiwa na vielelezo kama kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au cha kumaliza shule ya msingi, na barua ya mtendaji. Hili halimaliziki ndani ya wiki ya mwisho. Ndiyo sababu ya kuhakiki ukiwa bado kidato cha sita, hata kabla hujafanya mtihani.

Kwa waliofiwa na mzazi, karatasi inayohitajika ni cheti cha kifo, nacho pia kimehakikiwa. Familia nyingi zina kibali cha mazishi tu, kile kikaratasi kilichotolewa hospitali au na mtendaji ili maiti izikwe, na miaka yote wameamini ndicho cheti chenyewe. Sicho. Kibali kinakusaidia kwenda kuomba cheti. Hakichukui nafasi yake. Kama baba alifariki ukiwa darasa la tatu na hakuna aliyeandikisha kifo, mbele ya mfumo baba yako yu hai, na wewe si yatima.

Kisha majina. Cheti chako cha kuzaliwa kinasema baba ni Juma Ally Mohamed. Cheti cha kifo kinasema Juma Alli, kwa sababu aliyekwenda kuandikisha ni shemeji na alitaja jina alilolizoea. Mtu anayepitia maelfu ya maombi hana namna ya kujua kwamba hao ni mtu mmoja. Vilaze vyeti vyote mezani mapema: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha kifo, kitambulisho cha mama. Soma herufi kwa herufi. Ukikuta tofauti, nenda ukaulize RITA kama inasahihishika kwenye cheti chenyewe. Hiyo ndiyo dawa ya kudumu. Hati ya kiapo kwa wakili inaeleza tofauti ya majina, lakini haibadilishi kilichoandikwa kwenye daftari la serikali, kwa hiyo usiifanye kimbilio la kwanza.

Aliyezaliwa nje ya nchi, au ambaye mzazi wake alifia nje, anahitaji barua ya RITA au ZCSRA inayothibitisha hivyo. Usipakie cheti cha kigeni peke yake ukadhani kitajieleza.

Lipo kundi moja lisilo na cheti cha kuonyesha: watoto ambao baba yupo lakini aliondoka, hatumi hata mia. Kishawishi ni kumuandika marehemu. Usifanye hivyo. Taarifa za uongo kwenye maombi ni kosa kisheria, na bila cheti cha kifo uongo huo hauna hata faida. Jaza ukweli kwamba unalelewa na mama, jaza kazi ya mama kama ilivyo, na utafute nguvu ya faili lako kwenye vielelezo vingine: TASAF (msaada wa serikali kwa kaya maskini), ulemavu, historia ya shule.

TASAF, ulemavu na barua ya mfadhili

Kaya iliyo kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini wa TASAF ina namba, na namba hiyo inaingizwa kwenye maombi. Kosa la kawaida ni mwanafunzi kujua tu kwamba "bibi anapokea TASAF" na kuandika hivyo bila namba, au kuandika namba aliyoipata kwa simu, yenye tarakimu iliyorukwa. Nenda kwa mtendaji wa kijiji au mtaa ukaitazame kwenye kumbukumbu kwa macho yako. Uliza pia kama jina lako limo kwenye orodha ya wanakaya. Waliokwenda bweni tangu kidato cha kwanza wakati mwingine hawakuandikwa, kwa kuwa siku ya kuandikishwa hawakuwepo nyumbani. Kama humo, waulize hapohapo wanaweza kukusaidiaje, na uulize mapema.

Ulemavu, uwe wako au wa mzazi, unathibitishwa kwa fomu maalumu ya Bodi inayojazwa na kusainiwa na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Cheti cha kawaida cha hospitali, au picha ya mzee akiwa na magongo, haikubaliki badala yake. Waganga wakuu husafiri na hukaa vikaoni, kwa hiyo panga kwenda zaidi ya mara moja.

Sasa barua ya mfadhili, ambayo watu huidharau na ambayo kwa maoni yangu imewaumiza watoto wengi wenye akili kuliko kielelezo kingine chochote. Bodi hupima uwezo wa familia, na mojawapo ya dalili za uwezo ni ada iliyolipwa sekondari. Mtoto wa mkulima aliyesomeshwa na misheni kwenye shule binafsi anaonekana sawasawa na mtoto wa mfanyabiashara aliyekaa naye dawati moja. Mfumo hauna njia ya kujua ada ya nani ililipwa na nani, mpaka wewe useme na uthibitishe. Kuna fomu ya uthibitisho wa ufadhili kwa ajili hiyo: taasisi au mtu aliyekulipia anaijaza, anasaini, anagonga muhuri kama anao. Kama mfadhili ni shirika lililofunga ofisi, au padri aliyehamishwa parokia, kumpata huchukua wiki kadhaa. Anza kumtafuta sasa. Na kama shule yenyewe ndiyo iliyokusamehe ada kwa sababu ya ufaulu, mkuu wa shule ndiye mfadhili wako. Yeye ndiye wa kukujazia.

Dirisha, JKT, na yule kijana wa steshenari

Dirisha kwa kawaida hufunguliwa Juni na kufungwa mwishoni mwa Agosti. Mwaka 2024 lilikuwa lifungwe Agosti 31, likaongezwa hadi Septemba 14. Nyongeza hutokea, si haki yako, na usiipangie safari.

Ugumu ni kwamba miezi hiyohiyo wahitimu wengi wa kidato cha sita wako kambini Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria. Simu haziruhusiwi ovyo, ratiba haimsubiri mtu, na sahihi za nyumbani ziko mkoa mwingine. Ndiyo maana vyeti vilivyohakikiwa, namba ya TASAF, fomu ya mganga na barua ya mfadhili viwe tayari ndani ya bahasha moja kabla hujapanda gari la kwenda kambini, na awepo mtu mmoja nyumbani anayejua bahasha iko wapi. Huhitaji kusubiri matokeo ya kidato cha sita ili kuanza maombi. Kinachokutambulisha ni namba ya mtihani wa kidato cha nne.

Namba hiyo ndiyo uti wa mgongo wa kila kitu. Imeandikwa kwa mtindo wa S, kituo, namba ya mtahiniwa na mwaka. Kama ulirudia mtihani una namba mbili, ya shule na ile ya mtahiniwa wa kujitegemea inayoanza na P. Ukiomba chuo kwa moja na mkopo kwa nyingine, mifumo miwili itaona watu wawili: mmoja ana chuo bila mkopo, mwingine ana ombi la mkopo bila chuo. Chagua moja, itumie kote, na ile nyingine uitaje pale mfumo unapouliza. Aliyesoma nje ya mitaala ya hapa atumie namba ya ulinganifu aliyopewa na Baraza la Mitihani, NECTA. Na aliyetoka stashahada akumbuke kwamba kwa upande wa udahili atahitaji AVN, namba ya uthibitisho wa tuzo inayotolewa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Ikichelewa, udahili unachelewa na mkopo nao unachelewa nyuma yake.

Maombi yanafanyika kwenye mfumo wa Bodi, OLAMS. Unafungua akaunti, unapata namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo kila mtu anaiita kontrol namba, unalipa shilingi 30,000 kwa benki au kwa simu, kisha unaendelea kujaza. Hela hiyo hairudishwi, upate usipate. Inalipwa kwa namba hiyo tu. Anayekuambia umtumie kwenye simu yake ili "akusukumie" au akuhakikishie asilimia mia ni tapeli, na wa aina yake huongezeka kila Agosti.

Wengi hujazia steshenari, kwa kuwa simu ya nyumbani ni ya kitochi na intaneti ni ya kuungaunga. Hakuna ubaya. Ubaya uko hapa: kijana wa steshenari anatumia barua pepe aliyoitengeneza yeye, namba yake ya simu, na nywila moja kwa wateja wake wote. Oktoba unapotaka kuona kama umepangiwa, kijana kahama mji. Kabla hujakaa kwenye kiti chake uwe na laini iliyosajiliwa kwa jina lako, barua pepe yako, na daftari. Andika nywila kwa mkono. Kama huna namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ishughulikie mapema, maana usajili wa laini unaidai, na benki nayo itakuuliza.

Ukimaliza kujaza, unachapisha fomu kwa ajili ya sahihi. Wewe unasaini. Mdhamini anasaini na kuambatisha picha yake ndogo na nakala ya kitambulisho: cha NIDA, cha mpiga kura, leseni ya udereva, pasipoti, au cha Mzanzibari mkaazi. Serikali ya mtaa, kijiji au shehia inathibitisha kwa sahihi na muhuri. Kisha hakimu au wakili anathibitisha kiapo. Wazee wengi wanaogopa udhamini wakidhani watauziwa shamba mtoto asipolipa. Mketishe chini umsomee kilichoandikwa kwenye fomu kabla ya kumpa kalamu, usimharakishe. Wakili hutoza. Hakimu wa mahakama ya mwanzo mara nyingi ni njia nafuu, ila umkute hajaingia mahakamani.

Kurasa zilizosainiwa unaziskani na kuzipakia. Makosa hapa ni ya kitoto, lakini yanaua ombi zima: picha ya simu yenye kivuli cha mkono, muhuri uliokatwa ukingoni, ukurasa wa mdhamini umepakiwa mara mbili na wa kiapo haupo, picha ya mdhamini imebandikwa kwenye nafasi ya mwombaji. Baada ya kupakia, fungua faili uliyoipakia uisome ukiwa ndani ya mfumo. Halafu hakikisha ombi limewasilishwa kweli. Wapo wanaolipa, wanajaza, wanapakia, na hawabonyezi kitufe cha mwisho. Ombi linabaki nusu mpaka dirisha linafungwa. Ingia kwenye akaunti yako kila baada ya siku chache, kwa sababu ukiambiwa urekebishe kitu, utapewa muda mfupi.

Kupangiwa si kupata hela

Majina hutoka kwa awamu, na kukosa ya kwanza hakumaanishi umekosa. Utayaona kwenye akaunti yako ya kudumu ya mwanafunzi, SIPA, siyo kwenye orodha zinazozunguka WhatsApp. Kinachochelewesha wengi ni udahili: waliochaguliwa vyuo zaidi ya kimoja wanatakiwa kuthibitisha kimoja kwa kutumia namba ya siri wanayotumiwa kwa simu au barua pepe. Usipothibitisha, Bodi haijui ikupangie kwa ada ya chuo kipi. Ukihamia chuo kingine baadaye, mkopo utakufuata, lakini kwa mwendo wa kinyonga. Kama unategemea mkopo kula, fikiria mara mbili kabla ya kuhama mwaka wa kwanza.

Mkopo una vipengele, na kila kimoja kinaweza kutolewa kwa kiasi tofauti. Chakula na malazi ni mpaka shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500 ya zamani.  Vitabu na viandikwa ni 200,000 kwa mwaka. Kuna ada ya mafunzo, mahitaji maalumu ya kitivo, na mafunzo kwa vitendo. Ada inakwenda moja kwa moja chuoni, huioni. Inayokuja kwako ni ile wanachuo wanaiita boom.

Piga hesabu ya ada kabla hujashangilia. Tuseme ada ya kozi ni 1,300,000 na umepangiwa asilimia 60 yake, yaani 780,000. Unadaiwa 520,000, au 260,000 kwa kila muhula, na chuo kinaweza kukuzuia mtihani kwa deni hilo huku ukijiona mnufaika. Juu ya ada kuna michango ambayo mkopo haugusi: 20,000 ya udhibiti ubora ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, bima ya afya ya NHIF ambayo kwa wanafunzi imekuwa 50,400 kwa mwaka, usajili, kitambulisho, serikali ya wanafunzi. Imo yote kwenye maelekezo ya kujiunga; isome karatasi hiyo na mzazi akiwepo. Mwenye kadi hai ya bima ya afya kupitia kwa mzazi aende nayo, kwa kawaida halipi mara mbili. Ukiona hutaweza kulipa ada iliyobaki kwa mkupuo, andika barua kwa ofisi ya mshauri wa wanafunzi wiki ya kwanza, ukiomba kulipa kwa awamu. Barua ya wiki ya kwanza ni mpango. Barua ya siku moja kabla ya mtihani ni kisingizio, na watu wa uhasibu wanaijua tofauti hiyo vizuri.

Boom hulipwa kwa vipindi, kila kimoja karibu siku 60. Kwa 10,000 kwa siku ni 600,000. Inaonekana nyingi ikiingia yote kwa pamoja. Toa chumba cha mtaani, tuseme 60,000 kwa mwezi: zimebaki 480,000, yaani 8,000 kwa siku kwa kula, nauli, bando, sabuni na kuchapisha kazi za darasani. Inatosha kwa anayepika na wenzake, haitoshi kwa anayekula mgahawani mara tatu. Shida ya mtaani ni kwamba wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi mitatu au sita mbele, wakati boom ya kwanza haijaingia. Kwa hiyo hosteli ya chuo, hata ikiwa chumba kimoja watu wanne, ombea mapema.

Na boom ya kwanza haikusubiri getini. Lazima kwanza usajiliwe na chuo, jina lako lithibitishwe, utoe akaunti ya benki iliyo kwa jina lako, kisha usaini kwa alama za vidole kwa ofisa wa dawati la mikopo. Asiyesaini kwa wakati halipwi awamu hiyo mpaka mambo yarekebishwe. Akaunti yenye jina lililopangwa tofauti na la chuo, au iliyolala bila kutumika, hurudisha hela zilikotoka. Nenda chuoni na fedha ya kula mwezi mzima, nje ya nauli na michango. Kwa familia isiyo nayo, hilo ndilo la kuchangisha: ukoo, msikiti, kanisa, kikoba cha mama. Kuchangisha 300,000 ya mwezi wa kwanza ni rahisi kuliko kuchangisha ada ya mwaka, na watu hutoa kwa moyo wanapoona barua ya udahili.

Ukikosa, au ukipewa kidogo

Kuna dirisha la rufaa baada ya awamu kuisha, nalo linapita kwenye akaunti yako ileile. Rufaa inayosema "familia yangu ni maskini sana, naomba mnifikirie" haina cha kushika. Inayofaa inaleta kitu ambacho hakikuwemo: cheti cha kifo kilichohakikiwa baada ya Agosti, fomu ya ulemavu, barua ya mfadhili, au mzazi aliyefariki baada ya maombi. Aliyekosa kabisa anaweza kuomba tena dirisha la mwaka wa pili likifunguliwa, akiwa tayari chuoni.

Nje ya Bodi hakuna utitiri wa misaada kama matangazo ya mitandaoni yanavyodai. Samia Skolashipu, iliyoanza 2022/23, ni ufadhili kamili, lakini inawalenga waliofaulu juu kabisa masomo ya sayansi kidato cha sita. Inafuata ufaulu, haipimi umaskini. NMB Foundation ina Nuru Yangu, ambayo inatazama ufaulu pamoja na hali ya familia. Wazanzibari wana bodi yao ya mikopo ya elimu ya juu, yenye taratibu zake. Usipokee ufadhili wa ada ukanyamaza huku mkopo wa ada ukiendelea. Ikigundulika utaombwa urudishe.

Hili la kurudisha, mzazi alijue kabla ya kusaini. Mkopo ni deni la mwanafunzi. Muda wa kuanza kulipa ni miezi 24 baada ya kumaliza masomo, na aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake: kwenye 800,000 ni 120,000 kila mwezi. Ile asilimia 6 ya kila mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa inafanya deni lisipungue, ilifutwa 2021 pamoja na faini ya asilimia 10 ya wacheleweshaji. Kwa hiyo usimsikilize mjomba aliyemaliza 2012 anayekwambia deni la Bodi haliishi. Kipengele usichokihitaji huna lazima ya kukiomba.

Mnufaika haombi upya kila mwaka. Chuo ndicho kinachopeleka matokeo yake Bodi, na jina linaendelea kama amefaulu kuvuka. Matokeo yakichelewa kwa sababu ya somo moja lenye alama pungufu, boom ya Novemba inachelewa pia. Fuatilia idara mwenyewe, usisubiri. Ukiugua au ukijifungua na kulazimika kuahirisha mwaka, usiondoke kimya. Omba barua ya kuahirisha kutoka chuo, peleka nakala dawati la mikopo igongwe muhuri wa kupokelewa, na nakala hiyo yenye muhuri ubaki nayo, kwa sababu ukirudi baada ya mwaka ndiyo watakayokuuliza kabla ya kurudisha jina lako kwenye orodha ya malipo.